Hesabu ya Sanduku la Korale



Mwalimu anayeangalia gazeti hili alituomba sisi, mkubwa wa wanafunzi, tuandike kidogo juu ya hesabu za x na y, maana wadogo wetu wa darasa la nane wanazikimbia sawa vile mtu anakimbia nyuki. Alitaka mafundisho ya ukurasa mmoja. Tulikubali. Lakini tulipokaa na karatasi, tuliona hatuwezi kuandika juu ya x na y bila kusema mambo ya sanduku la korale. Wengi wenu munajua nusu ya habari ile. Leo tunaandika nusu ya pili, nayo si ya sifa kwetu.

Habari yenyewe njo hii. Munakumbuka upepo ulioondoa mabati ya bweni la wasichana. Wazazi walitoa walichoweza, kanisa likasaidia, lakini feza zilikuwa bado kupungua. Korale ikakubali kuimba siku ya posho, saa nane ya mchana, ndani ya chumba kikubwa, na watu walipe mlangoni: mkubwa franga 2,000, mtoto franga 500. Tikiti zote zilikuwa za karatasi moja na rangi moja. Tulizikata sisi wenyewe kwa mikasi. Ndugu yetu mmoja wa darasa la nane aliwekwa mlangoni na sanduku. Ametupa ruhusa kuandika habari yake, lakini jina lake tunaliacha.

Jioni alituletea sanduku pamoja na kipande cha kaye. Aliandika mistari miwili tu:

Tikiti 140.
Franga 187,000.

Hakuandika wakubwa wangapi wala watoto wangapi, na sisi hatukumwomba tangu mwanzo aandike. Mchana wote tulikuwa tumesimama mbele ya chumba, tunapanga viti vya wageni, na kwa macho yetu tuliona wakubwa karibu mia moja. Tukahesabu kwa kichwa: wakubwa 100 ni franga 200,000, watoto 40 ni franga 20,000, jumla 220,000. Ndani ya sanduku mulikuwa 187,000. Tukamwuliza: "Franga 33,000 ziko wapi?"

Tulisema neno lile mbele ya mlango wa refektuari, wenzake wote wakisikia. Akajibu: "Mukubwa, miye sikukamata kitu. Yote iko mule." Tukageuka kwa mwenzetu mmoja wa darasa letu, tukamwuliza kama naye aliona wakubwa mia moja. Akasema: "Ndiyo, ata miye niliona bakubwa mingi." Tukafurahi moyoni kwamba tumepata mashahidi wawili. Tukamnyanganya ufunguo.

Usiku ule hakula. Siku ya Mungu watoto wa bweni walikuwa wamekwisha kumpa jina, wakamwita Makumi Tatu na Tatu. Na kwa kuwa kila mtu alijua nyumbani kwao hawajamaliza kulipa minervali ya mwaka huu, wengi walisema: unaona, sababu njo ile. Sisi tukaandika ripoti kwa Prefe. Munajua sheria ya masomo yetu: anayeiba anarudi kwao. Ripoti ilikaa ndani ya mfuko wa shati letu siku ya kwanza mzima, tukingoja kuitoa kesho yake asubuhi.

Jioni ile ya siku ya kwanza ilikuwa zamu yetu kukaa na darasa la nane kwa masomo ya jioni. Mwalimu wao alikuwa amewaachia hesabu ya kuku na sungura. Ni hesabu ya zamani sana. Ilitoka katika kitabu cha Wachina kinachoitwa Sunzi Suanjing, kilichoandikwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita; kule walisema ndege wa porini, sisi tunasema kuku. Ndani ya kibanda kimoja muna vichwa 35 na miguu 94. Kuku ni wangapi, na sungura ni wangapi?

Watoto walikuwa wakibahatisha. Mmoja anasema 20 na 15, mwingine 25 na 10. Tukawaambia: acheni kubahatisha, tufanye kwanza bila herufi. Tuseme wote ni kuku. Vichwa 35 vingeleta miguu 70. Lakini miguu ni 94, ni kusema 24 imezidi. Kila mara unapoondoa kuku mmoja na kutia sungura mmoja mahali pake, vichwa havibadiliki, lakini miguu inaongezeka 2. Ili kupata 24 lazima ubadilishe mara 12. Basi sungura ni 12 na kuku ni 23. Hakikisha: 12 mara 4 ni 48, 23 mara 2 ni 46, 48 na 46 ni 94. Imetoka.

Kiisha tukaandika kwa herufi, tuwaonyeshe ni kitu kile kile. Kuku ni x, sungura ni y.

x + y = 35
2x + 4y = 94

Mstari wa kwanza unahesabu vichwa, wa pili unahesabu miguu. Zidisha wa kwanza kwa 2: 2x + 2y = 70. Uutoe katika ule wa pili: inabaki 2y = 24, basi y = 12. Rudi kwa mstari wa kwanza: x = 23. Tukawaambia: munaona, ile 70 njo ile tuliyoipata tuliposema wote ni kuku. Herufi hazina uchawi. Zinaandika tu mawazo yenu, zisipotee njiani.

Wakati ule msichana mmoja wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. Akauliza: "Mukubwa, na ile ya korale, hatuwezi kuifanya vile vile?"

Ndugu zetu, hatuwezi kuficha. Mkono wetu uliokuwa na chaki ulikuwa mzito. Tulikuwa tumesoma hesabu hizi miaka minne, tumepata pointi nzuri, tumefundisha wengine. Na wakati wa kumhukumu mtu hatukushika hata kalamu. Darasa lote lilikuwa linatutazama. Ndugu yetu mwenyewe alikuwa amekaa karibu na dirisha, kichwa chini. Tukaandika.

Wakubwa ni x, watoto ni y.

x + y = 140
2,000x + 500y = 187,000

Mstari wa pili una namba kubwa, zinaogopesha bure. Gawanya kila kitu kwa 500:

4x + y = 374

Toa mstari wa kwanza: 3x = 234. Basi x = 78, na y = 62. Hakikisha: 78 mara 2,000 ni 156,000. 62 mara 500 ni 31,000. Jumla 187,000. Wakubwa hawakuwa 100. Walikuwa 78.

Darasa likapiga makofi. Lakini sisi hatukupiga, na hapa tunaomba muangalie vizuri, maana njo moyo wa habari yetu. Tulianza kujiuliza: hesabu hii imeonyesha nini? Imeonyesha kwamba KAMA sanduku halikuguswa, wakubwa walikuwa 78 na watoto 62. Haikuonyesha kwamba sanduku halikuguswa. Tuseme watu walilipa 190,000 na mtu akakamata 3,000. Kwa 190,000 ungepata 4x + y = 380, 3x = 240, wakubwa 80 na watoto 60. Hiyo nayo inatoka safi. Ekwasio haijui kama mtu ni mwaminifu. Inafanya kazi na kile unachoitia, sawa jiwe la kusagia: ukitia muhogo unapata unga wa muhogo, ukitia mchanga unapata mchanga.

Lakini inaweza kukataa namba zingine. Kama angekamata 1,000 na kuacha 186,000, tungepata 4x + y = 372, na 3x = 232. Tatu haiingii katika 232: ungepata wakubwa 77 na theluthi moja ya mtu. Theluthi ya mtu haikai kwenye kiti! Hapo ungejua kuna kosa mahali fulani, la mkono ao la kalamu. Kwa bei zetu zile, jumla inayokubali inaruka kwa 1,500 kila mara. Kwa hiyo 187,000 kukubali ilikuwa alama nzuri, lakini alama nzuri bado si ushuhuda.

Tulihitaji mtu mwingine aliyehesabu kitu kingine, bila kutusikia sisi. Usiku tulilala vibaya. Halafu tukakumbuka biskwi. Mama anayefundisha watoto kanisani alikuwa amesimama ndani kidogo ya mlango, na kila mtoto mwenye tikiti alimpa biskwi moja. Asubuhi mapema, mbele ya mstari wa bendera, tukaenda kwake.

"Shikamoo, mama. Ile siku ya korale, ulileta biskwi ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Pakiti sita. Kila pakiti iko na biskwi kumi na mbili."

"Na zilibakia?"

"Zilibakia kumi. Niliziweka kwa watoto ba Siku ya Mungu. Juu ya nini unauliza?"

Sita mara 12 ni 72. Toa 10. Watoto 62.

Tulisimama pale mbele ya nyumba yake bila kusema kitu, mpaka akatuuliza kama tuko wagonjwa. Mama yule hakujua feza za sanduku. Hakujua tikiti 140. Alihesabu biskwi zake tu, na namba yake ilianguka juu ya namba yetu bila kupita hata moja. Kama 3,000 zingekamatwa, watoto wangekuwa 60 na biskwi zingebaki 12. Zilibaki 10. Ndugu yetu alikuwa ameleta franga zote, mpaka ya mwisho.

Tukatoa ripoti mfukoni, tukaipasua. Kiisha tukaenda kwa Prefe na kumwambia yote, hata kile ambacho hakuwa anajua. Hakutupigia kelele. Alituuliza neno moja tu: "Ulimshitaki mbele ya watu wangapi?" Tukasema: karibu bweni zima. Akasema: "Basi utamwomba musamaha mbele ya watu hao hao, na wengine."

Njo maana mulituona siku ya pili asubuhi, kiisha wimbo wa taifa, tukitoka katika mstari. Wengi hawakusikia vizuri kwa sababu sauti yetu ilikuwa ndogo. Kwa hiyo tunaandika tena hapa, isomeke: ndugu yetu hakuiba. Sisi tulikosa. Anayemwita bado Makumi Tatu na Tatu anabeba uongo wetu, na tunamwomba auweke chini.

Sasa turudi kwa mafundisho, maana mwalimu aliomba mafundisho.

Kwanza. Vitu viwili visivyojulikana vinaomba maneno mawili. Ukiwa na neno moja tu, "tikiti ni 140", wakubwa wanaweza kuwa 100, ao 78, ao 3. Sisi tulijaza nafasi ya neno la pili kwa macho yetu. Macho huona wakubwa zaidi kwa sababu wakubwa ni warefu. Watoto walikuwa wamekaa chini mbele, wengine juu ya magoti ya mama zao.

Pili. Maneno yale mawili lazima yawe mawili kweli. Mtu akikuambia: "Mafungu 2 ya lengalenga na 3 ya ndizi ni franga 3,500", halafu akaongeza: "Mafungu 4 ya lengalenga na 6 ya ndizi ni franga 7,000", hajakuambia neno jipya. Amerudilia lile la kwanza mara mbili. Utahangaika na kalamu mpaka usiku, utapata 0 = 0. Na yule mwenzetu aliyesema ata yeye aliona wakubwa mingi, tulikuja kumwuliza vizuri: namba ya mia moja aliisikia kwetu. Kumbe tulikuwa na shahidi mmoja aliyesema mara mbili. Torati inaomba mashahidi wawili ao watatu kabla ya kumhukumu mtu. Tunafikiri hata hesabu inajua sheria ile.

Tatu. Andika kwanza x ni nini, kwa maneno. Usiandike "x ni wakubwa" tu. Andika "x ni hesabu ya wakubwa". Wengi wanachanganya watu na feza zao. Na tena muangalie hesabu kama hii: "Baba ana miaka mara tatu ya mtoto wake, na jumla ya miaka yao ni 48." Wadogo wetu wanaandika 3b = m, kwa kuwa wanafuata maneno kama yanavyokuja. Jiulize: nani mwenye miaka mingi? Ni baba. Basi aliye mdogo njo anayezidishwa ili wawe sawa: b = 3m. Tia 3m mahali pa b: 3m + m = 48, 4m = 48, mtoto 12, baba 36. Ukifuata 3b = m unapata baba wa miaka 12 na mtoto wa miaka 36, na hapo hata kuku wanacheka.

Nne. Usifunge kaye bila kuhakikisha katika maneno yote mawili, si katika moja. Na kwa sisi wa mwaka wa mwisho: kwa Egzeta majibu yanaandikwa tayari, unachagua moja. Kutia jibu ndani ya hesabu na kuangalia kama inakubali kunaweza kukuokoa dakika nyingi.

Wengine wanasema hesabu ni mambo ya wageni, zilikuja na meli. Hatukubali. Neno aljebra lenyewe lilitoka kwa Waarabu, katika kitabu cha al-Khwarizmi aliyefanya kazi Baghdad karibu mwaka 820. Zile herufi x na y alizizoesha Mfaransa Descartes mwaka 1637. Na huku kwetu Kongo, pale Ishango, mahali mto Semliki unapotoka katika ziwa Edouard, Mbeleji Jean de Heinzelin alichimbua mwaka 1950 mfupa mdogo wenye alama zilizokatwa kwa makundi, wa miaka karibu 20,000. Leo umewekwa Bruxelles. Wenye elimu wanabishana bado juu ya maana ya alama zile, lakini wengi wanaona mtu alikuwa anahesabu kitu. Sisi tunamfikiri mtu yule kando ya maji. Labda naye alitaka tu kujua haki ya kila mmoja, ndugu wasigombane jioni.

Hizi tatu ni za kujaribu. Majibu muyalete kwetu kabla ya siku ya posho.

1. Mama mmoja aliuza sokoni vipimo 30 vya maharagi na mahindi pamoja. Kipimo cha maharagi ni franga 1,500, cha mahindi franga 800. Alirudi na franga 36,600. Aliuza vipimo vingapi vya kila kimoja?

2. Leo kaka ana miaka mara mbili ya mdogo wake. Miaka sita ijayo, jumla ya miaka yao itakuwa 42. Leo kila mmoja ana miaka mingapi?

3. Muuzaji anasema aliuza kaye 25, zingine za franga 600 na zingine za franga 300, na alipata franga 10,000. Mutafute. Lakini jibu likikataa kutoka, musimwite mwizi. Mumwulize kwanza kama aliandika vizuri.

Korale itaimba tena mwisho wa muhula. Tumekata tikiti za rangi mbili, nyeupe kwa wakubwa na kijani kwa watoto, na ndani ya kaye ya mlango muna safu mbili. Sanduku liko kwa ndugu yetu. Mara ya kwanza tulipomrudishia ufunguo alikataa. Mara ya pili akaupokea, akasema: "Mukubwa, lakini hii mara utahesabu pamoja na miye, mbele ya balimu." Tulimjibu ndiyo.

Mungu awabariki wote katika masomo yenu.

Mkubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho